Mjadala una mstari wake kwenye bajeti

Nikiletewa hadidu za rejea za mradi wa sanaa kwa jamii, sianzii kwenye malengo. Natazama bajeti kwanza. Spika zimo, fulana zimo, posho ya mgeni rasmi imo. Mjadala baada ya igizo, ikiwa umekumbukwa, umebanwa kwenye nusu saa ya kusubiri chakula.

Mimi ni mwandishi wa tamthilia, na sehemu kubwa ya riziki yangu hutoka kwenye ushauri elekezi. Vijana wanaotaka kuunganisha utunzi, ushauri na utetezi wa haki huwa nawaelekeza kwa Penina Muhando, ambaye wengi siku hizi wanamjua kama Profesa Mlama. Katika Nguzo Mama, tamthilia yake ya 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo iliyoanguka, na mwandishi hawasaidii hata kidogo. Miaka hiyohiyo yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Amandina Lihamba, walikuwa Malya, mkoani Mwanza, wakitengeneza maigizo na wanakijiji kuhusu matatizo waliyoyataja wenyewe, mojawapo mimba za mabinti. Mwaka 1996 ikazaliwa Tuseme: wasichana wa sekondari wanachambua yanayowakwamisha shuleni, wanayaigiza, kisha wanayajadili na walimu wao. Alipokuja kuongoza FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika wanaotetea elimu ya wasichana, lenye makao Nairobi, njia hiyo ikaingia shule za nchi nyingine za Afrika.

Kwa macho yangu, utunzi, ushauri na utetezi ni kazi moja tu. Mshauri anauliza, mtunzi anapanga majibu yawe mgogoro, mtetezi anahakikisha mgogoro haufungwi kabla wenyewe hawajasema. Mfadhili anayetaka igizo liishe na “ujumbe” anaivunja kazi hiyo katikati.

Kwenye miradi yangu, mwigizaji aliyecheza mwalimu haondoki baada ya makofi. Anabaki kwenye kiti chake, bado ni mwalimu, na wazazi wanambana kwa maswali. Mwenyekiti wa kijiji namwomba akae mkekani na wenzake. Akiwa kiti cha mbele mabinti hawafungui mdomo. (Wenyeviti wengine hununa. Hupita.)

Penye utata ni mpaka kati ya ripoti na tamthilia yangu. Kisa nilichosimuliwa kazini sikiingizi kwenye utunzi wangu bila ruhusa ya mwenye kisa. Kubadilisha jina hakutoshi: kijiji ni kidogo, ukimtaja mjomba wake tu, binti ameshatambulika. Halafu mikataba mingi ina kifungu kinachofanya kila kilichotungwa kuwa mali ya shirika. Hicho nakiomba kirekebishwe kabla sijaweka sahihi, ili kikundi cha kijiji kiweze kuliigiza igizo lake mradi ukishafungwa, pasipo kuomba kibali cha mtu.