Nile haizaliwi Jinja

Wengi huamini kwamba Mto Nile huchimbuka Jinja, Uganda, kama chemchemi. Sivyo: pale Ziwa Victoria linamwaga tu maji yake kuelekea kaskazini. Sehemu kubwa ya maji hayo ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mto mkubwa unaoliingia ni Kagera, ambao vijito vyake hushuka kutoka Burundi na Rwanda.

Mpelelezi Mwingereza John Speke alifika hapo 1862 akakuta maporomoko ya Ripon. Usiyatafute leo (ingawa bado yanatajwa): bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa 1954 kilomita chache mtoni chini, lilipandisha maji yakayafunika. Umeme wake uliendesha viwanda vya Jinja, kikiwemo cha kuyeyushia shaba ya mgodi wa Kilembe, magharibi mwa Uganda, iliyoletwa kwa reli kutoka Kasese.