Mwako kamili: kwa nini moshi wa jiko la chuma ni kuni zako zinazopotea

Ukitaka kujua kama jiko la kuni la chuma zito, lile lenye mlango na bomba la moshi, linafanya kazi au linakula tu kuni, usichungulie mlangoni. Toka nje, tazama juu ya paa kwenye mdomo wa bomba. Robo saa hivi baada ya kuwasha, jiko linalowaka vizuri halitoi cha kuonekana zaidi ya hewa inayotetemeka kwa joto, na pengine mvuke mweupe unaopotea hapo hapo. Ukiona moshi wa kijivu au wa kibuluu unajiviringisha na kushukia uani kwa jirani, ujue mwako haujakamilika, na kinachopaa pale ni kuni ulizolipia.

Mwako kamili ni hali ambayo kila kinachoweza kuungua kwenye kuni kimepata hewa ya kutosha na joto la kutosha, kikaisha chote kwa kugeuka hewa ukaa na mvuke wa maji, yakabaki majivu machache. Hakuna jiko la nyumbani linalofika huko moja kwa moja. Linakaribia tu. Lakini jiko linalokaribia na lile lililo mbali havifanani: utaona kwenye mzigo wa kuni unaoisha mapema, kwenye macho ya mpishi, na kwenye lami nyeusi inayojipaka ndani ya bomba.

Kinachotoa mwali si gogo

Gogo likiingia motoni, kwanza linakauka. Joto linakwenda kuchemsha maji yaliyomo, na sehemu yenye maji haipandi sana juu ya nyuzi joto 100 mpaka yaishe. Baada ya hapo, joto likipita nyuzi 200 na kitu, mti unaanza kuvunjika na kutoa gesi. Gesi hizi si jambo dogo. Karibu robo tatu ya uzito wa kuni kavu, au zaidi, inatoka kwa njia hiyo. Mwali tunaouona ni gesi hizo zikiungua. Tazama kwa makini utaona kuna mwanya mdogo kati ya ubao na mwali wake. Kinachobaki mwishoni ni kaa jekundu, ambalo linaungua polepole, halina mwali mkubwa.

Sasa, gesi zenyewe zinataka nyuzi 600 hivi ili ziungue sawasawa, na zinataka hewa mpya iwakute pale pale juu ya moto. Zikikosa kimojawapo zinapanda bombani zikiwa nzima. Huo ndio moshi.

Wanaobanika samaki hapa kwetu Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, wanajua kuutengeneza kwa makusudi. Wanabana hewa, moto unafuka bila mwali, samaki anakauka na kushika rangi. Mtu anayefunga matundu ya hewa ya jiko lake la chuma ili “kuni zisiishe haraka” anafanya kazi ileile, ila hapo samaki ni bomba lake la moshi. Mafuta na lami vinavyopaa na moshi huo vinaganda kwenye kuta za bomba pindi joto lake likishuka, hasa chini ya nyuzi 120 hivi. Vikirundikana, siku moja cheche inavifikia na moto unawaka ndani ya bomba, juu kabisa karibu na mbao za paa.

Kuni ndizo zinazoamua

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji. Kuni za jiko hili zinatakiwa ziwe chini ya asilimia 20. Watu husikia hivyo wakadhani hasara ni lile joto la kuchemsha maji tu. Tupige hesabu: kilo 10 za kuni mbichi zina karibu kilo 5 za maji, na kuyageuza yote kuwa mvuke kunakula joto lisilofikia la kilo moja ya kuni kavu. Si haba, lakini si hiyo inayokuumiza zaidi. Kinachoumiza ni kwamba mvuke ule unapoza moto mzima, gesi hazifiki nyuzi 600, na sehemu kubwa ya nguvu ya kuni inatoroka kama moshi. Kuni mbichi zinakutoza mara mbili.

Muuza kuni atakwambia, “Kavu hizo mama, za tangu kiangazi.” Usibishane naye. Chukua vipande viwili uvigonge kichwa kwa kichwa. Kavu zinalia kwa sauti kali, ya juu, kama vibao. Mbichi zinatoa mlio mzito uliozibwa. Tazama na ncha: kuni kavu ina nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni, na gome linabanduka kwa kidole. Kisha pasua kimoja ushike upande wa ndani. Upande huo ukiwa na ubaridi wa unyevu, zirundike kwanza uzisubirie zikauke.

Kuzikausha kunataka zipasuliwe, maana maji hayapiti vizuri kwenye gome, na mti wa mviringo unaweza kukaa mwaka na bado moyo wake ni mbichi. Zipange juu ya mawe au mbao zisiguse ardhi, juu funika kwa bati, pembeni acha wazi upepo wa ziwa upite. Kufunika rundo lote kwa turubai mpaka chini ni kuzifuga ukungu. Mwanza tuna misimu miwili ya mvua, ya vuli na ya masika, kwa hiyo anayenunua kuni Novemba akitaka kuziwasha Desemba ameshachelewa. Nunua mvua za masika zikiisha, kiangazi kifanye kazi yake.

Mgunga na mwembe mkavu vinakaa motoni muda mrefu. Mabanzi ya paina kutoka mashine za mbao yanawaka haraka na ni mazuri ya kuanzishia. Watu wanayalaumu kwa kuchafua bomba, lakini ubichi ndio unaochafua kuliko aina ya mti. Magogo yanayotupwa ufukweni hayana shida ya chumvi kama yale ya baharini, ambayo hula chuma. Ziwa Victoria ni maji baridi. Yakaushe tu. Ila mbao za mtumbwi uliochakaa ziache kabisa. Zina rangi, zina mafuta na vitu vya kuzibia nyufa, na moshi wake ni sumu. Vivyo hivyo mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, plastiki na mpira.

Kuwasha, na hewa

Jiko la aina hii kwa kawaida lina njia mbili za hewa. Ya chini inapuliza kaa na kuamsha moto. Ya juu inaingia karibu na mwali na kuunguza gesi. Wakati wa kuwasha fungua zote. Njia nzuri ya kupanga ni kinyume cha tulivyozoea: vipande vinene chini, vyembamba juu yake, njiti na karatasi juu kabisa, kisha washa juu. Moto unashuka polepole, na gesi zinazotoka kwa kuni za chini zinapita kwenye mwali badala ya kuukwepa. Bomba likiwa baridi na moshi unarudi ndani, choma karatasi moja karibu na shingo ya bomba mpaka uone hewa inavuta, ndipo uwashe kuni. Mafuta ya taa na petroli havina nafasi hapa, hasa kwenye kaa linaloonekana limezima. Yakigusa joto yanatoa mvuke unaolipuka ukiwa umeinama mlangoni.

Moto ukishakolea, punguza hewa ya chini kwanza, ya juu iache. Unatafuta mwali mchangamfu unaotembea. Mwali mwekundu mzito na kioo cha mlango kinachopiga masizi ni dalili umebana mno. Ukitaka kuongeza kuni, fungua hewa kidogo, subiri, kisha fungua mlango taratibu. Ukiuvuta ghafla moshi unakuja usoni.

Maharage ndiyo yanayowaponza wengi. Yanataka muda mrefu, kwa hiyo mtu anajaza magogo, anabana hewa, anaondoka. Washa moto mdogo mkali, maharage yachemke, kisha acha kuni ziishe. Jiko zito la chuma litaendelea kutoa joto muda mrefu baada ya mwali kuisha, na sufuria itaendelea kutokota juu yake.

Hilo linatuleta kwenye chuma chenyewe. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kina kaboni ya asilimia 2 hadi 4 hivi. Kinashika joto vizuri na hakipindi ovyo, lakini ugumu wake ni wa kuvunjika upesi: kinapasuka kabla ya kukunjika. Jiko jipya liwashie mioto midogo kadhaa kabla ya mkubwa. Likiwa la moto usilimwagie maji, hata kama sufuria imefurika na unataka kufuta. Na likianza kuwa jekundu pembeni, umepita kiwango, funga hewa.

Likipata ufa, usikimbilie fundi wa kuchomelea wa kona ya barabara mwenye vijiti vya kawaida vya kuchomelea mageti. Atauziba leo, na sehemu ile ikipoa itakuwa ngumu kupita kiasi, ufa utatokea pembeni yake. Chuma hiki kinataka vijiti vyenye nikeli na kupashwa moto kwanza, na si kila fundi anavyo. Ufa wa bamba la ndani unaweza kuvumilika. Ule unaopitisha moshi nje unamaanisha bamba libadilishwe. Viungo vilivyolegea vizibwe kwa saruji ya kustahimili moto. Udongo wa kichuguu unaotumika kwenye majiko banifu utasaidia kwa muda tu, maana chuma kikitanuka unapasuka na kudondoka.

Kamba ya kuziba mlango nayo inachoka. Bana karatasi mlangoni, funga, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, hewa inaingia usipoitaka na huwezi tena kuuongoza moto.

Bomba kwenye mji wa mawe na upepo

Bomba linavuta kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Kwa Mwanza adui wake ni upepo. Mchana upepo unavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, na nyumba nyingi zimejibanza kwenye vilima vya Igogo, Mabatini na Isamilo, mawe makubwa yakiwa yamesimama nyuma ya paa. Upepo ukigonga jiwe unaporomoka na kuusukuma moshi urudi ndani. Kanuni ya mafundi ni mdomo wa bomba uwe angalau sentimita 90 juu ya pale linapotokea paani, na sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Jiwe refu kuliko nyumba huwezi kulishinda kwa kurefusha bomba. Hapo bomba lipite upande mwingine wa paa na livishwe kofia ya kuzuia upepo. Kofia hiyo inazuia na mvua, ambayo ikiingia na kukutana na majivu inakula chuma kwa kutu. Ukifunga nyumba kwa muda, toa majivu yote.

Bati haliungui, lakini kenchi na dari zinaungua. Bomba likipita hapo liwe la kuta mbili lenye nafasi kati. Jiko lenyewe likae karibu mita moja kutoka kwenye mbao, pazia, kochi au rundo la kuni. Na kusema kweli, Mwanza si Makete. Hatuna baridi ya kutufanya tuweke jiko la kuni sebuleni. Mahali pake hapa ni jiko la uani lenye madirisha, kwa kupikia, kuoka mikate na maji ya kuoga.

Mwako usiokamilika unatoa pia kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na inashikana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa pamoja, usianze kutafuta chakula kilichowadhuru. Tokeni nje kwanza. Kaa linalofifia ndilo linaloitoa kwa wingi, ndiyo maana jiko la mkaa halilali chumbani na bomba la jiko la kuni halizibwi usiku kaa likiwa hai. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia kwenye nishati safi ifikapo mwisho wake, na jiko la kuni, hata likiwaka vizuri namna gani, halishindani na gesi kwa usafi. Mwenye uwezo wa vyote viwili atumie gesi kwa chai ya asubuhi.

Majivu yachotwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, iwekwe nje juu ya jiwe au sakafu ya saruji. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai siku kadhaa, na kiroba cha plastiki kikipata tundu moja tu, moto umeshapata pa kuanzia. Ndani acha tabaka la sentimita mbili tatu. Kuni hupenda kulala juu ya majivu. Bomba lisuguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na kama lami ina unene wa milimita tatu, usisubiri mwaka uishe.

Ukisikia bomba linanguruma na kutikisika, hiyo lami imewaka. Funga mlango na matundu yote ya hewa, toa watu nje, piga 114 kwa Zimamoto, na usimwage maji ndani ya jiko. Hata moto ukizima wenyewe, usiliwashe tena mpaka fundi apande paani akague bomba kiungo kwa kiungo.