Moyo ukisimama, nani aweke mpira?

"Dokta, mimi nimeshaweka mpira wa kupitishia hewa kooni mara hamsini na mbili," intani mmoja, daktari aliye mafunzoni, aliniambia tukinawa mikono nje ya thieta. "Moyo wa mgonjwa ukisimama wodini, si naweza kuweka mwenyewe?"

Hamsini yake hakuiokota barabarani. Tafiti za mafunzo ya utoaji wa dawa za usingizi zinaonyesha kwamba anayejifunza akikaribia mara 50, hufaulu kama mara tisa kati ya kumi. Lakini hiyo ni thieta. Mgonjwa amefunga kula tangu usiku, dawa imelegeza misuli yake, kitanda nimekipandisha ninavyotaka, mashine ya kufyonza iko mkononi, na mimi nimesimama begani kwa kijana.

Wodini, saa tisa usiku, hupati hata kimoja kati ya hivyo. Kitanda kiko chini, koo limejaa matapishi, na mtu anakandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo kila ukizikaribia nyuzi za sauti, ambazo mpira unapita katikati yake, zinaruka. Ulimi unakuwasha useme, "Hebu acheni kidogo." Hapo ndipo hasara inapoanza. Msukumo wa damu kwenye mishipa ya moyo hupanda taratibu, mkandamizo juu ya mkandamizo. Mikono ikitulia unaporomoka papo hapo, na kuupandisha tena ni kazi ya kuanza upya. Mwongozo wa Ulaya wa kufufua wagonjwa wa 2021 unataka ukandamizaji usikatizwe hata sekunde 5 kwa ajili ya mpira. Tano tu! Wengi wetu hatujamaliza hata kushusha pumzi.

Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini walichapisha matokeo ya kuwapima waganga katikati ya CPR yenyewe, yaani huku kifua kikikandamizwa. Ili mtu afaulu mara tisa kati ya kumi ndani ya sekunde 60, alihitaji uzoefu wa mara 137 hivi. Ndani ya sekunde 30, bila kuleta madhara: zaidi ya 240. Mwongozo wa Ulaya nao unamtambua mwenye mkono wa kuaminika kuwa ni yule anayefaulu zaidi ya asilimia 95 kwa majaribio yasiyozidi mawili. Kwa kipimo hicho, hospitali nyingi ninazozijua usiku hazina mtu.

Basi tufanyeje? Ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, na barakoa yake ishikwe kwa mikono miwili huku mwenzako akibonyeza: mikandamizo 30, pumzi 2. Au i-gel, kifaa cha hewa kinachokaa juu ya koromeo, ambacho hakihitaji kuziona nyuzi za sauti. Uingereza waliilinganisha na mpira kwa wagonjwa zaidi ya 9,000 ambao moyo ulisimama nje ya hospitali, na walionusurika wakiwa na akili timamu hawakutofautiana kwa maana. Wanaoiona i-gel kama kifaa cha wavivu sijui wanatetea nini, labda heshima zao.

Ukiweka mpira, tazama wimbi la kaboni dioksidi kwenye kapnografu, mashine inayopima hewa anayoitoa mgonjwa. Hakuna wimbi? Chukulia umeingia kwenye umio, njia ya chakula, chomoa. Kusikiliza kifua kwa stetoskopu kumeshawadanganya wakubwa zako.

Kijana hakufurahi. Jumatatu tulilaza mdoli sakafuni, nesi akakandamiza kifua bila kumwonea huruma mtu, naye kijana akapiga magoti na laringoskopu yake, kifaa cha kuangalia koo, aweke mpira. Sekunde 71. Akaomba arudie.