Pishi ya mchele si zaka ya duka

Kila ikiingia Shaabani wafanyabiashara wa Kariakoo wananitafuta niwapigie hesabu za zaka, alhamdulillah kazi naipenda, lakini kuna jibu moja nikilisikia tena mwaka huu nadhani nitafunga daftari nikalale. Namuuliza mtu, vipi mzee, mwaka jana zaka ulitoa? Ananijibu kifua mbele, "Nilitoa shekhe, pishi saba, nyumba nzima, mpaka dada wa kazi nilimtolea."

Pishi saba! Mtu ana fremu mbili na stoo, kontena lake lipo baharini linakuja, af zaka yake ni mchele unaoingia kwenye kiroba kimoja. (Na huyo dada wa kazi wa mshahara pishi yake si juu yako kwa madhehebu yetu ya Shafi, ukitaka kumtolea mwombe ruhusa kwanza, ila hayo tuyaache.)

Jamani ile ni zakatul fitri, zaka ya kumaliza mfungo. Ni ya kichwa. Inawajibika jua la siku ya mwisho ya Ramadhani likizama, mtoto akizaliwa saa kumi na moja jioni anatolewa, akizaliwa baada ya magharibi hatolewi, na wala haiangalii utajiri, mtu akiwa tu na chakula kinachozidi mahitaji yake na watu wake usiku wa Idi na mchana wake basi inamhusu. Hata muuza karanga anatoa. Sasa wewe wa kontena na muuza karanga mnatoa sawasawa, pishi moja moja kwa kila kichwa, na unaona hapo nguzo ya tatu ya Uislamu imeshasimama?

Zaka ya mali ni habari nyingine kabisa. Inataka vitu viwili vikubwa, mali ifike nisabu, yani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na iipitie hauli, yani mwaka mzima wa Kiislamu. Nisabu ni dinari 20 za dhahabu, kwa vipimo vya leo kama gramu 85, au dirhamu 200 za fedha ambazo ni kama gramu 595. Bei yake kwa shilingi waulize masonara siku hiyohiyo, usichukue ya mwaka juzi uliyoipata kwa jirani. Ikishafika unatoa sehemu moja katika arobaini, asilimia 2.5, basi.

Ngoja niweke mfano maana watu wa biashara bila namba hawaelewani. Tuseme una duka la vitenge. Siku yako ya zaka imefika, unahesabu mzigo wote uliopo dukani na stoo kwa bei ya soko ya siku hiyo, sio ile uliyonunulia, unapata milioni 38. Benki, kwenye simu na kwenye lipa namba zipo milioni 6. Wateja wa mali kauli, wanaochukua mzigo kwa mkopo, wanaolipa vizuri wanadaiwa milioni 4. Jumla milioni 48, gawa kwa 40, unatoa 1,200,000. Rafu, feni, kompyuta na pikipiki ya kupeleka mzigo hazimo, hizo huziuzi. Sasa chukua zile pishi saba, kila pishi kilo mbili na nusu hivi, mchele uwe hata 3,000 kwa kilo, ni shilingi 52,500. Linganisha mwenyewe 52,500 na 1,200,000, mimi sisemi kitu.

Kosa hili nafikiri linatokana na tulivyosoma chuoni, yani madrasa, nguzo tano tulizikariri vizuri tu, swala tukaoneshwa kwa vitendo mpaka kidole cha tashahudi, funga tukaizoea tangu nusu siku, lakini zaka nani alikaa nasi akahesabu mali? Hakuna, tulikuwa watoto hatuna kitu. Tukakua, neno zaka tunalisikia msikitini Ramadhani kumi la mwisho imamu anapokumbusha pishi, basi kichwani likakaa hivyo. Nawaelewa. Ila mtu wa miaka hamsini anayejua ushuru wa kila bidhaa bandarini na anajua kupiga faida mpaka shilingi ya mwisho, hili la zaka anashindwaje kuuliza?

Na jambo lenyewe si dogo. Kwenye Qur'an swala na zaka zinatajwa pamoja mara nyingi mno. Mtume (s.a.w.) alipomtuma swahaba wake Muadh kwenda Yemen alimwambia awafundishe kwamba inachukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafukara wao, kurudishwa, yani ni haki yao iliyokuwa imekaa mfukoni kwako. Baada ya Mtume kufariki, mwaka wa 11 Hijria, wakatokea watu wakasema swala tutaswali ila zaka hatutoi. Sayyidna Abu Bakr, khalifa aliyemfuata Mtume, akaapa atapigana nao hata kwa ajili ya kamba ya ngamia tu waliyokuwa wakimpa Mtume wakaizuia. Watu wanaoswali wale! Wewe una mahema ya futari kila mwaka lakini fungu la mafukara liko kwenye vitenge vyako linazunguka na faida yake unaila wewe.

Mwaka mmoja alinijia mzee mmoja, duka miaka 14, pishi hajakosa hata Ramadhani moja. Nilipomweleza akauliza, hiyo miaka ya nyuma si imesamehewa kwa kutojua? Dhambi anaijua Mungu, lakini zaka ni deni, kutojua hakulifuti wala pishi hazilifidii. Tukakaa siku tatu na madaftari yake ya zamani tukakisia mwaka hadi mwaka, akawa analipa kidogokidogo. Alikasirika, na hasira zenyewe hazikuwa juu yangu. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

Haya makosa mengine nayapitia haraka.

Kwamba zaka hutolewa Ramadhani tu. Hapana. Hauli yako ikitimia Muharramu unatoa Muharramu, kuwasubirisha mafukara miezi minane eti upate thawabu zaidi haifai. Ukipenda Ramadhani itangulize, kutanguliza kunaruhusiwa. Ushauri wangu wa siku zote, chagua tarehe moja ya Kiislamu iandike kwenye jalada la daftari la mauzo, usiihame. Na usiniletee hesabu za Desemba, mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, ukifuata Januari hadi Desemba kila miaka 33 hivi unakuwa umeruka zaka ya mwaka mmoja.

"Nalipa kodi." Lipa, barabara tunaitaka. Zaka ina makundi yake nane ya watu, yametajwa Surat Tawba aya ya 60, serikali haimo.

"Kila Ijumaa nawapa sarafu maskini wanaopita." Hiyo sadaka, Mungu akulipe, ila zaka hukuinuia na hukuipima. Halafu tuache hii tabia ya kupanga watu foleni getini kila mmoja elfu mbili, zinaishia kwenye nauli. Wanavyuoni wa Shafi wameeleza kabisa fukara mwenye ufundi apewe kitendea kazi. Fundi cherehani asiye na cherehani mnunulie cherehani, mwakani huenda asiwe kwenye orodha.

Kuwapa wazazi au watoto wako zaka, hao unawalisha kwa wajibu, huwezi kujilipia wajibu kwa zaka. Ndugu yako wa tumbo moja ambaye ni fukara na humlishi wewe, mpe, tena una malipo mawili, ya sadaka na ya kuunga undugu.

Dhahabu ya mama watoto anayovaa kwa kiasi cha kawaida, kwa Shafi haina zaka, Hanafi wanasema inayo. Ila ile iliyofungwa kwenye kitambaa kabatini, ya akiba, tusidanganyane, itoe upimwe uzito.

Na wewe unayeniletea kiroba cha fitri saa nne asubuhi watu wameshaswali Idi wanarudi kula biriani, fukara uliyetaka ale siku hiyo ameshajua atakula nini au hatakula. Ilete usiku, niko macho.