Gari Lililolala Muda Mrefu: Yakague Haya Kabla ya Kupanda Kitonga

Kila Desemba simu zinazotufikia sisi wakaguzi wa magari hufanana. "Afande, gari langu halijatoka tangu Pasaka, lakini leo asubuhi limewaka vizuri tu. Naweza kwenda nalo Njombe?"

Kuwaka kunaonyesha kwamba betri ina nguvu na petroli inafika kwenye injini, basi. Hakusemi lolote kuhusu breki wala tairi. Mtu ataosha gari, atabadilisha oili, atanunua zulia jipya la miguuni, kisha aondoke saa kumi alfajiri na watoto watano nyuma.

Oili, rejeta na mikanda najua fundi wako atavitazama, sina haja ya kuvirudia. Ila mwambie pia afungue boksi la ea klina, lile la chujio la hewa ya injini. Gari lililolala ni nyumba ya panya, na panya hawali nyaya tu, hujenga viota vya majani makavu karibu na ekzosi. Huko Mikumi joto likipanda, kiota huwaka.

Nianze na tairi. Mwenye gari lililolala hutuambia tairi zake ni mpya kwa sababu kashata, yaani meno ya tairi, bado ndefu. Kashata huliwa na barabara, lakini mpira wenyewe huliwa na jua na miaka, gari likiwa limesimama palepale. Chuchumaa uangalie ubavuni, utafute neno DOT, kisha usome tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2316, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Watengenezaji wengi wanataka tairi likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama halijatembea. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba: ukiona mipasuko midogo kama ya kisigino kikavu, usibishane nalo. Angalia na tairi la akiba, maana mara nyingi ndilo zee kuliko yote, na ndilo watu hulikumbuka wakiwa wameshapata pancha.

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo kibandiko kitaandika 220 au 230, navyo ni vipimo vya kPa. 220 ni kama 32 za PSI kwenye mashine ya kijana wa upepo. Usimwachie yeye akukadirie kwa kupiga teke.

Sasa breki, na hapa naomba tuelewane. Kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Kitonga, ule mlima wa kona kali, unaipanda. Gari likiwa na hitilafu ya kupoza injini, litachemka pale, utasimama pembeni, utakasirika, na kwa kawaida yataishia hapo. Mtihani wa breki unakuja Januari unaporudi, unaishuka Kitonga ile ile ukiwa na magunia ya viazi na mchele wa Kyela ambao hukuwa nao wakati wa kwenda.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limelala chini ya turubai, na kwa hali ya hewa ya Pwani unyevu haukosekani. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 (si ile DOT ya tairi) huchemka yakifika nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Dereva anayeshuka kona hadi kona mguu uko kwenye pedali hufikisha joto hilo. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, pedali inazama hadi sakafuni. Kisha tunaandikiwa kwamba "breki zilifeli ghafla", au tunaambiwa kona ile ina mambo yake. Haina. Mwambie fundi amwage mafuta ya zamani yote na kutoa hewa kwenye breki za magurudumu yote manne. Kujazia juu kidogo si kubadilisha. Na ukishuka, shuka na gia ndogo. Wenye otomatiki, herufi L, au 2, au B mlizoziona kwenye gia hazikuwekwa kama mapambo. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni kosa ambalo, kusema kweli, tumechoka kulieleza.

Upande wa nyaraka. Bima huhesabu siku, haihesabu kilomita. Gari likilala miezi minane, bima nayo inaisha ikiwa imelala. Kuendesha bila walau bima ndogo ni kosa chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Usitegemee stika iliyofifia kiooni: ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima uone kama bima ipo hai. Kisha ingia kwenye mfumo wa TMS wa Jeshi la Polisi, weka namba hiyo hiyo, uone kama kuna deni la faini ulilolisahau. Likiwepo, lipia benki au kwa simu kwa kutumia kumbukumbu namba ya malipo uliyopewa. Askari barabarani hapokei fedha mkononi. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Tairi kipara ni kosa, kukosa pembetatu ni kosa jingine, kukosa kizimamoto ni la tatu. Hiyo ni 90,000, na hakuna kitu kinachoitwa faini moja ya gari zima.

Wengine bado wanauliza wakalipie wapi road licence ya miaka gari lilipolala. Ada ile ya kila mwaka ilifutwa tangu mwaka wa fedha 2017/18. Anayekutoza leo anakuibia.

Maelezo haya ni ya jumla, hayachukui nafasi ya kitabu cha gari lako wala ya fundi aliyelishika. Lakini jambo moja unaweza kulifanya mwenyewe, siku tatu au nne kabla ya safari. Endesha hadi Kibaha na kurudi, ukanyage breki kwa nguvu mahali salama, usikilize kama linavuta upande mmoja. Ukifika nyumbani gusa rimu bila kuzing'ang'ania: moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake haiachii. Kisha tandika magazeti chini ya gari lote usiku kucha. Asubuhi, maji matupu ni ya AC, yaache. Doa jeusi au jekundu, au la kijani lenye utelezi, mpigie fundi. Doa la manjano hafifu kwenye ukingo wa ndani wa gurudumu huenda ni mafuta ya breki. Likiwepo hilo, gari lisitoke hadi fundi alione, na kama siku zimekwisha, kata tiketi ya basi.