Makumbi yaliyolala baharini

Huku maweni, kusini mwa Unguja, udongo ni kiganja tu juu ya mwamba wa matumbawe. Ndiyo maana nyanya na hoho nazipanda kwenye mifuko: ndoo nne za vumbi la makumbi ya nazi kwa ndoo moja ya mboji. Kila anayekuja bandani huniuliza mbona mboji nabania. Mboji ikizidi hushindamana na kushika maji, mizizi ikakosa hewa. Tena ina madini mengi kuliko mche mchanga unavyoweza kustahimili.

Ila kilichonitia hasara ni makumbi. Nilichukua yale yanayofukiwa pwani miezi kadhaa ili kina mama wapate usumba wa kusokota kamba. Nikayaosha mara tatu, nikaonja maji ya mwisho. Hayana chumvi! Wiki ya pili miche ya trei nzima ikaungua kingo za majani. Ulimi hautoshi, na kuosha hakutoshi: sodiamu ya chumvi hung'ang'ania chembe za makumbi, haibanduki mpaka ije kalsiamu kushika nafasi yake. Sasa naloweka usiku kucha kwenye maji yenye mbolea ya naitreti ya kalsiamu, gramu 10 kwa lita, kisha nasuuza kwa maji ya mvua (visima vyetu navyo vina chumvi), nakamua, napima EC ya maji yanayotoka, yaani kiasi cha chumvi zilizoyeyuka, kwa mS/cm. Kwa miche, ikipita 1 nasuuza tena.

Mboji naifanya kwa makapi ya mpunga na samadi ya ng'ombe. Makapi ni magumu, yana kaboni tele. Yakitiwa mabichi, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mmea naitrojeni, na unaona majani manjano huku mbolea unatia. Rundo lazima lichemke, lipite nyuzi 55, ligeuzwe ili ya nje nayo yapate moto.

Likipoa, siamini macho tu kujua kama mboji imeiva. Natia mboji yenye unyevu kwenye chupa ya mdomo mpana, nafunga siku tatu. Nikifungua ikanipiga harufu ya mkojo, inarudi rundoni. Ikinuka udongo wa mvua, nasia mchicha kwenye trei mbili, moja yenye mchanganyiko wangu na moja ya makumbi matupu yaliyosafishwa. Mchicha wa kwenye mchanganyiko ukichelewa kuota, hapo nyanya hazisiwi.