Mhusika wa kubuni katika uchoraji ni nini?

Ni mtu au kiumbe ambaye hakuwahi kuishi, aliyezuliwa na mchoraji, kisha akarudishwa picha baada ya picha hadi watazamaji wakamzoea. Huko kurudi ndiko kunakomfanya awe mhusika. Msichana wa kuwazia aliyechorwa mara moja ni sura tu; akirudi tena na tena, leo kanuna, kesho kasinzia, anaanza kuwa na tabia zake.

Mfano maarufu ni wasichana wa Yoshitomo Nara, mchoraji wa Kijapani aliyezaliwa Hirosaki mwaka 1959. Wazazi wake walishinda kazini, na yeye akitoka shule alikuta nyumba tupu. Mwaka 1988 alikwenda kusoma Düsseldorf, Ujerumani. Lugha ikamshinda, na upweke ule wa utotoni ukamrudia. Ndipo wasichana hao walipopata umbo lao: kichwa kikubwa, kiwiliwili kidogo, macho yanayokukazia bila woga, na nyuma yao hakuna chochote.

Itazame picha yake ya mwaka 2000, "Knife Behind Back", yaani kisu nyuma ya mgongo. Mtoto kavaa gauni jekundu, mkono mmoja kauficha nyuma. Kisu chenyewe hakionekani popote. Kimo kwenye jina la picha tu, sisi ndio tunaomshikisha. Mwaka 2019 iliuzwa mnadani Hong Kong kwa karibu dola milioni 25 za Marekani, na tangu hapo, bahati mbaya, watu huizungumzia bei kuliko mtoto.

Kwa nini mtoto, tena wa kubuni? Anayechora mtu halisi anadaiwa kufananisha. Mhusika hadaiwi hivyo, ndiyo maana anaweza kubeba hasira ya mchoraji, kumbukumbu zake, hata historia ya watu wake. Flyboy wa Hebru Brantley, mchoraji wa Chicago, ni mvulana mweusi mwenye miwani mikubwa ya urubani. Chimbuko lake ni marubani weusi wa Marekani, waliofunzwa urubani Tuskegee, waliopigana Vita vya Pili vya Dunia, ila yeye bado yuko kwenye umri wa kucheza.

Si kila mtu wa kubuni anaingia humu. Lynette Yiadom-Boakye wa London huchora watu wasiokuwepo, lakini kila mmoja kwa kawaida ana picha yake na haandamwi na kisa. Hata viatu huwavalisha kwa nadra, kwa kuwa viatu hutaja zama.